Injini ya Subaru ndani ya kombi ya kulala: tathmini yangu baada ya kilomita 6,400

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniletea gauni alilonunua kwingine nilipunguze kiuno, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuligeuza ndani nje. Huko ndiko utakakojua aliyelishona alikuwa na haraka au alikuwa na nafasi. Kazi ya gereji iliyoitoa injini ya zamani ya kombi yangu na kunifungia ya Subaru nimeikagua hivyo hivyo, na nitaieleza hivyo hivyo, kuanzia chini ya godoro.

Kombi yenyewe ni Volkswagen T3, umbo lililotoka mwaka 1979. Yangu ni ya 1987, ina paa la kunyanyua, jiko la mafiga mawili, sinki na kitanda cha watu wawili. Mapazia nimeyashona mwenyewe, godoro nimelivika mwenyewe. Injini inakaa nyuma, chini ya kitanda: boksa ya lita 2.1 inayopozwa kwa maji, silinda nne zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule. Ilipokuwa mpya ilitoa kama farasi 95, na kwa gari la uzito huo, lenye makabati na tangi la maji juu yake, farasi hao walikuwa wanajitahidi.

Nilipoinunua, aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa amezoea kujaza maji ya bomba matupu kwenye rejeta. Injini ile ina hedi za alumini, yaani vifuniko vya silinda, na mpira wa kuzibia maji unaozunguka mahali hedi inapokutana na bloku. Bila kulanti ya kuzuia kutu, alumini inaliwa taratibu palepale mpira unapokaa, na siku ikifika hakuna mpira mpya utakaoziba shimo. Mimi nilianza na tone moja sakafuni. Baada ya miezi nikawa natembea na dumu, naongeza lita moja kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mlimani nilikuwa nashuka gia ya pili, malori yananipita, macho yangu yako kwenye geji badala ya barabarani. Gari la kupumzikia likawa linanichosha.

Njia zilikuwa tatu. Kufanya ovahoo ya injini ileile, kufunga dizeli yenye turbo, au kufunga Subaru. Ovahoo ingenirudishia farasi walewale, na hedi nzuri za kuanzia ni shida kuzipata. Dizeli inakula kidogo na ina nguvu tangu chini, lakini silinda zake zimesimama mstari mmoja. Ili iingie chini ya kitanda lazima ilazwe ubavu na ifungwe kwenye vishikio vyake maalumu, na mlio wake ungekuwa sentimita chache chini ya mto wangu. Subaru ni boksa kama ile iliyotoka. Inalala vilevile na inazunguka upande uleule, kwa hiyo giaboksi ya kombi inaipokea bila kupinduliwa chochote ndani. Nikachagua hiyo.

Fundi mkuu alitaka kunishawishi nichukue ya lita 2.5 yenye kamshafti mbili kila upande, kwa ajili ya nguvu. Nilikataa, na sijutii. Zile za lita 2.5 za miaka ya tisini zinajulikana kwa kuvuja gasketi za hedi, na mimi nilikuwa natoka kwenye mateso ya maji. Nilichukua injini iitwayo EJ22, ya lita 2.2, kutoka kwenye gari la Subaru Legacy la 1994, farasi kama 135. Ina kamshafti moja kila upande na haina mbwembwe. Tena injini hizo za miaka ile zina jambo moja la kumtuliza mtu anayesafiri mbali: mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Utakwama njiani, lakini hutazika injini.

Sasa kazi yenyewe. Gereji ilikuwa na watu wawili, fundi mkuu na kijana wake anayejifunza. Waliniahidi wiki sita. Zilikuwa kumi na moja. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na si kwa sababu ya kuchelewa tu. Ni kwamba kila nilipopiga simu niliambiwa "Jumamosi, mama." Mimi nikimwambia bibi harusi Jumamosi, ni Jumamosi. Kama kazi imekwama, sema imekwama, nami nitapanga safari yangu upya.

Lakini kazi ya chuma waliifanya kwa heshima. Kati ya injini na giaboksi linakaa bamba nene la alumini lenye mashimo ya pande zote mbili: upande mmoja unafuata boliti za Subaru, upande wa pili za Volkswagen. Bamba hilo, pamoja na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, iliyorekebishwa ili ipokee klachi ya kombi, vilitoka kwa mtengenezaji anayeuza seti za kazi hii peke yake. Nilipita nikakuta kijana anajaribisha bamba kabla ya kukaza. Aliingiza boliti zote kwa vidole, moja baada ya nyingine, hakushika spana mpaka ya mwisho ilipoingia bila kubembelezwa. Pini mbili za kuelekezea zilikaa sawasawa. Nilimtazama nikakumbuka ninavyobana pindo kwa pini kabla ya kushona. Mtu anayejaribisha hivyo hahitaji kusimamiwa. Tangu siku ile klachi haijatetemeka hata mara moja, hata ninapoondoka kwenye kilima gari likiwa limejaa.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nayo ni jambo ambalo kama huulizi hutaambiwa. Sampu ya Subaru ni ndefu kwa chini; kwenye Legacy haina tatizo, ila ndani ya kombi ingening'inia chini kuliko kitu chochote kingine na jiwe la kwanza lingeipasua. Kwa hiyo inafungwa sampu fupi na pana, na bomba la kunyonyea oili linafupishwa kwa kipimo chake. Yangu imekaa juu ya usawa wa chesisi. Nimeingia chini na rula nikahakikisha.

Kabla injini haijapanda, waliibadilishia vitu vyote ambavyo baadaye vingedai injini ishuke tena: mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krankshafti, klachi na beringi yake, na kile kibamba cha nyuma cha kutenganisha oili ambacho cha plastiki huanza kuvuja kikizeeka, nilifungiwa cha chuma. Haya niliyadai kwa maandishi. Injini iliyo mezani kila kitu kinafikika kwa mkono. Ikishapanda, kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Halafu waya. Hapa ndipo nilipoligeuza gauni na sikufurahi.

Injini hii inaongozwa na kompyuta, na kompyuta yake inataka waya zake kutoka kwenye gari injini ilikotoka. Waya wa Legacy nzima ni rundo la kujaza beseni. Inabidi ulichambue, utoe za taa, madirisha na redio, ubakishe zinazohusu injini tu, kisha uziunganishe na kombi kwa nyaya chache: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, stata, pampu ya mafuta, taa ya kuchaji, taa ya tahadhari. Fundi mkuu aliifanya kazi hii peke yake, usiku, akiwa amechoka, naye alikiri hivyo. Nilipoinua godoro na mfuniko wa injini nilikuta viungo sita vimesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Utepe wa gundi, juu ya injini inayochemka, hauna maisha. Ukipata joto gundi inageuka uji, utepe unateleza, waya unabaki uchi. Kimoja kilikuwa karibu na bomba la ekzosti kiasi cha upana wa vidole viwili.

Nilimwita nikamwonyesha. Hakubisha. Alisema, "Mama, hapa nimekosea," akavikata vyote sita akavilehemu, akavivisha mipira inayosinyaa kwa joto, akauhamishia ukanda mzima upande wa mbali na ekzosti na kuufunga kwa klipu. Ile siku nzima hakunidai chochote. Nampa heshima yake kwa hilo. Lakini kama nisingeinua godoro, ningelala juu ya viungo vile.

Jambo la pili la waya lilichukua muda kueleweka. Wiki ya kwanza kombi ilikuwa inazimika kila nikikaribia kusimama: natoa mguu kwenye mafuta, nakanyaga klachi, mzunguko unashuka, kimya. Taa ya tahadhari ikawaka. Sababu ni kwamba kompyuta ya Subaru inataka kuambiwa gari linakwenda kasi gani, na kombi ya T3 haina cha kuiambia. Spidometa yake inaendeshwa na kebo inayotoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Dawa ni sensa ndogo inayofungwa kwenye mstari wa kebo hiyo, inahesabu mizunguko na kupeleka ishara nyuma. Ilipofungwa, taa ikazimika na injini ikaacha kufa. Sensa hiyo ilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Ukienda kwa fundi yeyote wa kazi hii, muulize swali moja tu: ishara ya kasi utaitoa wapi? Akikutazama bila jibu, shukuru na uondoke.

Nimefika kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuipoteza injini mpya.

Kwenye T3 rejeta iko mbele kabisa na injini iko nyuma kabisa, mabomba marefu yanapita chini ya sakafu, mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 15. Injini ya Subaru ilitengenezwa ikae mbele ya gari, mipira yake inaelekea rejeta iliyo hapo jirani. Ikihamia nyuma ya kombi inakuwa imegeuziwa mgongo, kwa hiyo bomba la juu la maji linabadilishwa ili matoleo yaelekee upande sahihi. Hilo walilifanya vizuri. Kutoa hewa pia walijua: waliinyanyua pua ya gari kwa jeki, wakalegeza skrubu ya juu ya rejeta, wakaacha injini inazunguka mpaka maji yakatoka bila mapovu.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye barabara tambarare, bila mzigo, asubuhi. Geji ya kombi hii ina taa ndogo nyekundu katikati, na mambo yakiwa sawa mshale hukaa juu yake kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Nikaona mshale umeipita taa. Ukaendelea kupanda. Nikapunguza mwendo, ukaendelea. Ghafla ukaanguka mpaka chini ya taa, kisha baada ya dakika chache ukaanza tena kupanda. Nilisimama pembeni, nikainua godoro, nikafungua mfuniko. Hakuna tone lililovuja. Nikagusa mipira kwa kitambaa: ule unaotoka kwenye injini unaunguza, ule unaorudi kutoka rejeta ni vuguvugu tu. Maji ya moto yalikuwa yamefungiwa ndani ya injini.

Fundi mkuu alisema ni geji mbovu. Akaibadilisha. Mshale ukacheza vilevile.

Niligundua bila kutafuta. Alfajiri moja yenye baridi nilisukuma wenzo wa hita ili nipashe miguu. Mshale, uliokuwa tayari umeipita taa, ukarudi polepole ukakaa mahali pake. Ukatulia. Nikafunga hita, baada ya kilomita tano ukaondoka. Nikafungua, ukarudi. Nilifanya hivyo mara nne ili nisije nikasema jambo nisilolijua, kisha nikaenda moja kwa moja gereji.

Ni yule kijana aliyeelewa. Aliniomba karatasi akachora. Kwenye injini nyingi thamostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto, inakaa maji yanapotoka. Kwenye Subaru hii inakaa maji yanapoingia, kwenye pampu. Ili ifunguke, inabidi maji ya moto kutoka ndani ya injini yafike mgongoni mwake yaiguse. Ndani ya Legacy maji hayo yanapitia njia ya hita, na njia hiyo haifungwi kamwe. Ukizima hita unafunga hewa tu. Kombi ya Volkswagen ina valvu inayokata maji yenyewe. Ukizima hita, maji ya moto hayaifikii thamostati, nayo inakaa kimya ikidhani injini bado ni baridi, mpaka joto limezidi ndipo inashtuka na kufunguka yote kwa mkupuo. Ndiyo ile kupanda na kuanguka.

Waliongeza kipande cha bomba jembamba chenye viungo vya T, kinachozunguka valvu ya hita ili maji yapite wakati wote hata hita ikiwa imefungwa. Kazi ya chini ya saa mbili. Tangu siku hiyo mshale haujahama kwenye taa, si mlimani, si kwenye foleni, si jua la saa nane. Dumu nimelishusha garini.

Kuhusu kuiendesha nitasema kwa ufupi kwa maana wengine wanasema mengi mno. Ni gari lilelile lenye pumzi. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya pili sasa naupanda kwa ya tatu na ninaongea na mwenzangu. Halikuwa gari la mbio na halijawa. Gia ya nne ni ileile fupi, ukizidi mia kwa saa injini inakuwa na kelele, na giaboksi ya kombi haikutengenezwa kwa mtu anayekanyaga mpaka chini akiwa gia ya kwanza. Ninakanyaga kwa adabu. Ulaji wa mafuta, nimepima kwa matangi tisa, ni kama lita 12 kwa kilomita 100. Ya zamani katika miezi yake ya mwisho ilikuwa inakaribia 15. Breki niliomba zifanyiwe kazi wakati uleule, pedi, mipira na oili mpya, kwa sababu gari linalopanda kwa kasi zaidi linashuka pia.

Makaratasi msiyasahau. Nambari ya injini imebadilika, kwa hiyo hati za gari na bima lazima zifuate, na kuna mahali ambapo wakaguzi wanataka injini ya kuhamishiwa iwe na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi. Uliza kabla ya kununua injini. Mimi niliuliza kwanza, nikapewa orodha, nikampa fundi orodha, kazi ikapita ukaguzi mara ya kwanza.

Kama nigawe alama: injini yenyewe, tisa kwa kumi. Seti ya bamba, flaiwili na sampu, kumi. Ndiyo sehemu ya kazi ninayoiamini kuliko zote. Gereji, sita. Ingekuwa nne kama wasingerudi kurekebisha kila kitu kwa mikono yao wenyewe bila kununa, na ingekuwa nane kama yule kijana angeachiwa sehemu kubwa zaidi ya kazi. Nimemwambia fundi mkuu hivyo hivyo mbele ya kijana.

Limebaki jambo moja. Kwenye kombi hii nambari ya nyuma ya gari inafunguka kama kimlango, na nyuma yake ndipo mdomo wa kuongezea oili na kijiti cha kupimia vilipokuwa. Ilikuwa raha: unasimama nyuma ya gari, unapima, unafunga. Injini mpya kijiti chake kiko juu, kwa hiyo kila nikitaka kupima oili lazima nikunje shuka, niinue godoro, nifungue mfuniko. Zipo bomba za kurefusha mdomo na kijiti mpaka kwenye kile kimlango, na zilikuwa kwenye makubaliano yetu. Zilifika juzi. Kijana amenipigia mwenyewe, amesema nilete gari Alhamisi saa mbili asubuhi, litakuwa tayari kabla ya saa sita.

Nimeshakunja shuka.